Siku za Makumbusho ya Reli na Magulio ya Treni za Mfano: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa watu wawili: mgeni anayesimama mbele ya kichwa cha treni cha mvuke kwa mara ya kwanza, na mnunuzi anayeinama juu ya meza iliyojaa mabehewa madogo asijue ashike lipi. Mara nyingi ni mtu yuleyule, kwa siku moja.

## Kwa anayeanza

Siku maalumu ya makumbusho ya reli ina tofauti gani na siku ya kawaida?

Siku ya kawaida unatazama vyuma vilivyotulia. Siku maalumu vyuma hivyo vinafanya kazi. Kichwa cha mvuke kinawashwa, karakana inafunguliwa kwa wageni, jukwaa la kugeuzia vichwa linazungushwa, na mabehewa ya zamani yanabeba abiria kwa safari fupi. Kubwa zaidi ni kwamba watu waliowahi kuendesha, kutengeneza au kuongoza treni wanakuwepo siku hiyo, wakiwa na muda wa kuzungumza. Kama unaweza kwenda mara moja tu kwa mwaka, nenda siku hiyo.

Gulio la treni za mfano ni nini hasa?

Ni soko la siku moja au mbili, kwa kawaida ukumbini, ambako wapenzi wa treni ndogo huuza, hununua na kubadilishana. Wauzaji wengi si wafanyabiashara. Mmoja anapunguza vitu vilivyojaa nyumbani kwake, mwingine anahama kutoka ukubwa mmoja wa treni kwenda mwingine, na mwingine anauza mali ya ndugu aliyefariki. Ndiyo maana utakuta kwenye meza moja kichwa kipya ndani ya boksi lake na kando yake katoni ya mataruma (vipande vinavyolazwa chini ya reli), waya na magurudumu yasiyo na wenzake.

Sijui lolote kuhusu treni. Nianze na lipi?

Anza na makumbusho. Hapo ndipo jicho linapofundishwa, na gulioni jicho ndilo litakalokuokoa.

Simama ubavuni mwa kichwa cha mvuke na ufuate kwa macho ile fimbo nene inayotoka kwenye silinda hadi kwenye gurudumu kubwa. Juu yake utaona fimbo nyembamba zilizounganishwa kwa pini: hizo ndizo zinazoongoza vali, yaani zinaamua mvuke uingie upande gani wa pistoni na kwa muda gani. Kwenye treni ya mfano fimbo hizo nyembamba ndizo za kwanza kupinda au kupotea. Aliyezitazama vizuri kwenye kitu halisi atagundua haraka kwamba kichwa kidogo alichoshika kina fimbo pungufu upande mmoja, hata kama muuzaji mwenyewe hajaona.

## Siku ya makumbusho

Nifike saa ngapi?

Kama kuna kichwa cha mvuke kitakachowashwa, fika mlango unapofunguliwa. Asubuhi ndipo mafundi wanapopaka mafuta viungo, wanapofuta majivu na kujaza maji, na bado watu ni wachache. Boila iliyopoa haiwashwi kwa haraka. Chuma hutanuka kikipata moto, na kikipashwa kwa pupa sehemu moja hutanuka kabla ya nyingine, kisha nyufa na uvujaji hufuata. Kwa kichwa kikubwa, moto huwashwa tangu siku iliyotangulia. Unapokiona saa tatu asubuhi kikitoa moshi mwepesi, ujue kuna mtu aliyekesha nacho.

Mbona vichwa vingi havitembei? Vimeharibika?

Si lazima. Boila ya mvuke hubeba shinikizo kubwa, kwa hiyo sheria za nchi nyingi hutaka ikaguliwe kwa vipindi. Marekani, kwa mfano, ukaguzi kamili unaofungua boila nzima hudaiwa baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, lolote litakalotangulia. Kazi hiyo huhitaji mafundi adimu na fedha nyingi, na makumbusho yenye vichwa kumi huenda yakamudu kukitunza kimoja tu kikiwa hai.

Vingine huachwa vimepoa kwa makusudi. Kukitembeza kichwa ni kukibadilishia sehemu, na kila sehemu mpya inaondoa kipande cha kitu cha asili. Mallard, ambacho tarehe 3 Julai 1938 kilifikia maili 126 kwa saa, sawa na takriban kilomita 203, na kuweka rekodi ya vichwa vya mvuke ambayo haijavunjwa, kiko York, Uingereza, na hakiwashwi. Mimi naona ni uamuzi wa heshima: ukikitazama, unatazama chuma ambacho hakibadilishwi tena.

Nitazame nini kwa makini badala ya kupita tu?

Chagua kichwa kimoja ukae nacho. Tafuta bamba la mtengenezaji, ambalo kwa kawaida hutaja kampuni, namba na mwaka. Tazama upana wa reli kilichosimama juu yake. Kisha jiulize kwa nini kilitengenezwa na umbo hilo.

Mfano mzuri ni kichwa namba 5918, Mount Gelai, kilichopo kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Ni cha daraja la 59, vichwa 34 vilivyotengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950, vyote vikapewa majina ya milima. Kina uzito wa takriban tani 252, na hakuna vichwa vya mvuke vikubwa kuliko hivyo vilivyowahi kupita kwenye reli ya upana wa mita moja. Je, mzigo huo uliwezaje kupinda kona za reli nyembamba? Tazama ubavuni: boila imening'inizwa katikati, kati ya mitambo miwili ya magurudumu inayojipinda kila mmoja peke yake, na uzito wote umetandazwa juu ya ekseli nyingi. Huo ndio muundo wa Garratt. Ukiuelewa hapo, siku utakapokutana na Garratt ya mfano utajua pa kuitazama: kwenye viungo viwili vinavyoshika boila, kwa sababu hapo ndipo huvunjika.

Naruhusiwa kupanda na kugusa?

Panda palipowekwa ngazi na pasipo kamba. Kwenye kichwa kilichowashwa, usiguse bomba lolote hata kama halina rangi ya moto. Usisimame mbele ya silinda: dereva anapoanza kuondoka hufungua vali za kutoa maji, na mvuke hutoka chini kwa nguvu kuelekea pembeni. Ukitaka kupanda chumba cha dereva na hakuna tangazo, muombe aliye zamu. Siku zenye wageni wachache wengi hukubali.

Naenda na watoto wadogo. Nijiandae vipi?

Filimbi ya mvuke ikipigwa karibu inaumiza masikio ya mtoto, na mtoto aliyeshtuka mara moja anaweza kukataa treni siku nzima. Beba vizibo vya masikioni, na mwambie mapema kwamba kutakuwa na sauti kubwa. Simama naye mbali kwanza, kisha msogee kidogo kidogo. Kwenye behewa la wazi, chembe za makaa huingia machoni: miwani ya kawaida inasaidia, na atakayekaa nyuma ya treni ataumia kidogo kuliko wa mbele. Nguo nyeupe ziache nyumbani.

Usijaribu kumaliza makumbusho yote. Mtoto akitaka kukaa mbele ya treni za mfano kwa saa nzima, mwache akae.

Nawauliza nini wahudumu wa kujitolea bila kuwachosha?

Usiulize "hii ina kasi gani?" Bamba la maelezo litakujibu. Uliza swali ambalo jibu lake liko mikononi mwao: sehemu gani ilikuwa ngumu kupatikana wakati wa kuikarabati, dereva alijuaje maji yamepungua, usiku wa mvua kazi ilikuwaje. Mzee aliyekuwa fundi wa breki atakueleza breki kwa namna isiyoandikwa popote. Umpe nafasi amalize.

Vipi kuhusu picha?

Piga, ila usivuke kamba wala reli kwa ajili ya picha. Ndani ya banda lenye giza, egemeza kamera kwenye nguzo badala ya kutumia mwanga wa flashi, unaorudishwa na rangi inayong'aa na kufuta kila kitu. Piga pia picha za sehemu ndogo: viungio, ngazi, namba, kutu. Ndizo utakazozihitaji ukianza kutengeneza au kununua treni za mfano.

## Kabla ya kwenda gulioni

Skeli na upana wa reli ni kitu kimoja?

Hapana, na kuchanganya mambo haya mawili ndiko kunakowapotezea fedha wanunuzi wengi wapya. Skeli ni uwiano kati ya treni ndogo na ile halisi. Upana wa reli ni umbali kati ya reli mbili, ukipimwa kutoka ndani.

HO, inayopatikana kuliko zote, ni 1:87 na reli yake ni milimita 16.5. OO ya Uingereza ni 1:76 lakini inatembea juu ya reli ileile ya milimita 16.5. Kwa hiyo behewa la OO litatembea vizuri kwenye reli zako za HO, ila likisimama kando ya mabehewa yako litaonekana jitu. N hutumia reli ya milimita 9, na skeli yake ni 1:160 kwa treni nyingi, 1:148 kwa za Uingereza na 1:150 kwa nyingi za Japani. Z ni 1:220, reli milimita 6.5. Treni kubwa za bustani, zile zinazoitwa G, hutumia reli ya milimita 45.

Mtego mwingine uko kwa wanaotaka reli ya mita moja. Ukiigawa kwa 87 unapata kama milimita 11.5, hivyo watengenezaji hutumia reli ya milimita 12 na kuiita HOm. Lakini TT, skeli ya 1:120, nayo hutumia milimita 12. Reli zitalingana, mataruma hayatalingana ukubwa wala nafasi.

Nibebe nini?

Fedha taslimu za noti ndogo, kwa sababu si kila muuzaji ana mashine au chenji. Rula ndogo ya milimita. Tochi ya kutazamia chini ya kichwa. Orodha ya vitu ulivyo navyo tayari, maana ni rahisi kununua behewa lenye namba ileile mara mbili. Na mfuko wenye kitambaa laini.

Niwahi au nichelewe?

Anayetafuta kitu maalumu awahi, kwa sababu vitu vizuri huondoka saa ya kwanza. Anayetafuta reli, miti, nyumba na mabehewa ya kukarabati anaweza kwenda jioni, muuzaji akiwa hataki kupakia tena. Kwa mgeni, napendelea asubuhi: zunguka ukumbi mzima mara moja bila kununua, kisha urudi.

## Mezani

Nakikaguaje kichwa cha mfano?

Kwanza omba. "Mzee, naweza kukishika?" yatosha. Kishike kwa ncha mbili za bodi, kamwe si kwa fimbo za ubavuni wala vikono vidogo vya plastiki.

Kigeuze utazame magurudumu. Utepe mweusi juu yake ni uchafu tu na husafishika. Lakini rangi ya shaba ikijitokeza pale ilipopaswa kuwa fedha, mipako imelika na kichwa kimetembea sana. Kama kina mipira midogo kwenye magurudumu yanayovuta treni, ibonyeze kwa ukucha: ikiwa migumu au imepasuka, utabadilisha. Tazama skrubu. Skrubu zilizochubuka vichwa zinaonyesha kuwa mtu amewahi kukifungua, na una haki ya kuuliza kwa nini. Kisha nusa. Mota iliyoungua ina harufu yake, haifichiki.

Halafu omba reli ya majaribio, ambayo magulio mengi yanayo. Kianzishe polepole, mbele kisha nyuma. Kikisimama na kuendelea baada ya kusukumwa kidogo, huenda grisi imeganda au magurudumu ni machafu, na hilo linatibika. Ukisikia tik, tik, tik kwa mpigo unaofuata mzunguko wa gurudumu, shuku gia ya plastiki iliyopasuka kwenye ekseli. Gia hizo hubadilishwa, lakini kwanza hakikisha bado zinapatikana, na bei ipungue ipasavyo.

Nimeambiwa kuna "ugonjwa wa zinki". Ni kitu gani?

Ni kuoza kwa vyuma vya kumiminwa vilivyotengenezwa kwa zinki iliyochanganyika na uchafu, hasa risasi. Chuma huvimba, hujipinda, hupata nyufa kama za udongo mkavu, na mwishowe humeguka. Treni za kabla ya Vita Kuu ya Pili zinaathirika zaidi, ingawa baadhi za miaka ya karibuni nazo zimepatwa. Hakuna dawa. Hakiambukizi vingine, licha ya jina.

Tazama kama bodi imejipinda ukilinganisha na meza, kama sehemu zilizokaa sawa sasa zinasukumana, na kama rangi imeinuka kwa vipele. Ukiona hivyo, nunua tu ikiwa unataka mota au magurudumu.

Kichwa hiki cha HO kinazunguka mezani kwa muuzaji lakini kwangu kinakata umeme. Kwa nini?

Yaelekea ni cha mfumo wa reli tatu, kama ule wa Märklin. Hapo umeme hupokelewa na kipande kirefu cha chuma chini ya kichwa, kinachoteleza juu ya vinundu vidogo vya chuma katikati ya reli, na magurudumu ya pande zote mbili yameungana kiumeme. Ukikiweka kwenye reli mbili za kawaida za umeme mnyoofu (DC), magurudumu yanaunganisha reli zote mbili na saketi inafungana. Kabla ya kununua, geuza utazame kama kipo hicho kipande. Mabehewa nayo yana tatizo hilohilo, ila kwa hayo inatosha kubadilisha magurudumu.

"Dijitali" kwenye boksi ina maana gani kwangu?

Kwamba ndani kuna dekoda, kadi ndogo inayopokea amri ili uendeshe vichwa kadhaa kwenye reli moja kila kimoja kivyake. Mfumo ulioenea zaidi ni DCC. Vichwa vingi vya DCC hutembea pia kwa umeme wa kawaida, si vyote, hivyo uliza. Ukikuta maneno yanayosema kiko tayari kwa dijitali, maana yake kuna soketi tu na dekoda utanunua mwenyewe.

Viungio vya kuunganishia mabehewa vikitofautiana, ninunue?

Nunua kama kiungio kinakaa kwenye kisanduku cha NEM, yaani viwango vya Ulaya vya treni za mfano, maana unakichomoa na kuchomeka kingine. Kilichogandishwa kwa gundi au skrubu kinahitaji kazi. Mbinu ya wengi ni kubadilisha behewa la kwanza na la mwisho tu la kila msafara.

Napatanaje bei bila kumkera muuzaji?

Salimia kwanza, kisha ulizia historia ya kitu kabla ya bei. Usikiponde kitu cha mtu ili akushushie. Huenda kilikuwa cha baba yake. Kusanya vitatu au vinne kutoka meza moja uombe bei ya jumla, hapo wengi hulegea. Ukitaja bei na akaikubali, lipa. Kurudi nyuma baada ya kukubaliwa ni aibu, na magulioni watu hukutana tena.

Kwenye kubadilishana, kila mmoja ataje thamani ya kitu chake kwanza, kisha tofauti ilipwe kwa fedha. Inaondoa manung'uniko.

Boksi la asili lina umuhimu?

Kwa mkusanyaji, sana. Kwa anayetaka kuendesha, ni kinga tu wakati wa kusafirisha. Linganisha namba ya boksi na kilichomo, kwa kuwa maboksi huhama.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Naweza kumpa mtoto treni ya bati ya zamani?

Hapana. Rangi za zamani mara nyingi zina risasi, na kingo za bati hukata. Transfoma za zamani ni hatari zaidi: mpira wa waya hukauka na kupasuka, na volti iliyoandikwa huenda si ya kwenu. Itazame kama kumbukumbu, na kwa kuendeshea nunua transfoma mpya. Mtoto mpe seti imara ya kisasa. Kuhusu kelele za treni halisi, rudi kwenye swali la watoto hapo juu.

Mtu anauza bamba la jina au taa ya treni halisi. Ni salama kununua?

Uliza ilikotoka. Vitu vingi viliuzwa kihalali na mashirika ya reli, vingine viliibwa stesheni na karakana. Muuzaji asiye na maelezo, mwache. Mabamba ya kuiga pia ni mengi. La asili kwa kawaida lina uzito, alama za matumizi kwenye matundu ya skrubu, na nyuma isiyolainishwa. Ukipiga picha za mabamba makumbushoni, utakuwa na cha kulinganisha.

Nimerithi masanduku ya treni na sijui thamani yake. Nifanye nini?

Usisafishe, na usiwashe. Kupaka rangi upya au kusugua kunaweza kuondoa thamani yote, na mota iliyokaa miaka bila mafuta inaweza kuungua ndani ya dakika moja. Weka kila kitu pamoja na boksi na karatasi zake, hata zilizochanika. Andika jina la mtengenezaji na namba iliyo chini ya kila kimoja, kisha piga picha.

Nenda na picha hizo, si masanduku, kwenye siku ya makumbusho au gulioni, uwaonyeshe watu zaidi ya mmoja. Atakayekupa bei ya yote papo hapo usimkubalie siku hiyohiyo. Ukitaka kuyatoa kwa makumbusho, uliza kwanza: mengi yana stoo zilizojaa na hupokea tu kile kinachohusiana na reli wanazozihifadhi. Wakikataa, muulize mhudumu wa chumba cha treni za mfano kama kuna klabu inayofundisha vijana, kwa sababu huko reli, transfoma salama na mabehewa ya kawaida hutumika kila wiki.